Kupiga Mbizi kwa Mara ya Kwanza Malta na Gozo: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Wanaokatiza mbizi yao ya kwanza mara nyingi hukwama katika mita 3 za mwanzo. Masikio yanauma, miwani inaingiza maji, pumzi inakwenda mbio, mkono unaonyesha "juu", na siku imeishia hapo. Makosa ni yaleyale kila msimu, na mengi huanza kabla mtu hajalowa maji.

Mwongozo huu ni wa mbizi ya majaribio: ya siku moja, pamoja na mwalimu, bila cheti. Tumechukua Malta na kisiwa chake cha Gozo kwa kuwa maji yake ni maangavu, ghuba zenye kina kifupi zinafikika kwa gari, na Kiingereza ni lugha rasmi, hivyo maelezo ya mwalimu hayatakupita. Ukienda Kupro, Ugiriki, Sisilia au Hispania, hatua ni hizihizi. Yanayobadilika ni upepo na baridi ya maji.

## Vitu vya kuwa navyo

Kituo cha kupiga mbizi hutoa miwani, mapezi, viatu vya mpira, suti ya mpira ya kukinga baridi, koti la kuelea, regulata ya kupumulia, mtungi wa hewa na vipande vya madini ya risasi vya kukuongezea uzito ili uzame. Usinunue hata kimoja. Wewe lete hivi:

- Kitambulisho au pasi, na karatasi ya bima. Bima inayotakiwa kwa viza ya Schengen lazima ilipie matibabu ya dharura ya angalau euro 30,000, lakini bima nyingi za safari huondoa michezo ya chini ya maji au huweka kikomo cha kina. Soma kipengele hicho kabla ya kusafiri.
- Fomu ya afya iliyojazwa nyumbani, siyo kaunta.
- Nguo ya kuogelea inayobana. Kaptula pana hukunjamana ndani ya suti na kuchubua mapaja.
- Taulo, koti la kukinga upepo na maji ya kunywa lita 1.5.
- Lenzi laini za macho kama unazivaa. Miwani ya kawaida haiingii ndani ya miwani ya mbizi, kwa hiyo asiye na lenzi aulize mapema kama kituo kina miwani yenye vioo vya namba yake.
- Kibanio cha nywele kisicho na chuma.

Acha hotelini pete, mkufu, kamera na viziba masikio. Kamera huchukua mikono na mawazo yako wakati unavihitaji vyote viwili. Viziba masikio ni hatari kabisa: mgandamizo wa maji hukisukuma kizibo ndani, na ukiwa nacho huwezi kusawazisha hewa ya pande mbili za kiwambo cha sikio.

## Hatua ya 1: Panga siku, ukianzia kwenye tarehe ya kurudi

Chukua tiketi yako ya ndege uhesabu kurudi nyuma. Baada ya mbizi moja ya kina kifupi, subiri angalau saa 12 kabla ya kuruka. Ukipiga mbizi mara kadhaa au kwa siku kadhaa, subiri angalau saa 18. Sisi tunapendekeza uache saa 24 kwa hali yoyote, ili usianze kufanya hesabu uwanja wa ndege.

Sababu ni nitrojeni. Chini ya maji unavuta hewa yenye mgandamizo mkubwa, na sehemu ya nitrojeni yake huyeyuka mwilini. Inahitaji muda kutoka. Ukipanda juu haraka, iwe kwa ndege au kwa gari mlimani, inaweza kufanya viputo kwenye damu na viungo. Malta haina shida ya milima, kilele chake cha juu kabisa, Ta' Dmejrek, kina mita 253 tu. Lakini anayepiga mbizi Kupro asubuhi asipande Troodos mchana, mlima unaofika mita 1,952, wala wa Sisilia asielekee Etna siku hiyohiyo.

Siku nzuri ni ya pili au ya tatu ya likizo. Ya kwanza una uchovu wa safari na pua iliyokaushwa na hewa ya ndege. Ya mwisho inakunyima nafasi ya kuahirisha upepo ukichafuka.

Kuhusu msimu: maji ya Malta huwa karibu nyuzi 15 mwezi Februari na Machi, 18 hadi 19 mwezi Mei, na 26 au 27 mwezi Agosti. Aliyezoea maji ya Unguja au Mombasa ataona hata Juni ni baridi. Septemba na mwanzo wa Oktoba ndiyo chaguo letu, kwani joto la kiangazi bado limo majini na umati umepungua.

Jambo moja litakalomshangaza mtu wa pwani yetu: Mediterania karibu haina kupwa na kujaa. Huko saa ya kuingia majini haipangwi na bamvua, inapangwa na upepo. Gregale, upepo wa kaskazini-mashariki, huvuruga ghuba zinazoelekea upande huo, na ule wa kaskazini-magharibi huvuruga upande wa pili. Kisiwa ni kidogo, kwa hiyo mwalimu huhamia upande uliokingwa. Akibadilisha mahali asubuhi hiyo, usinung'unike. Anafanya kazi yake.

## Hatua ya 2: Chagua kituo kwa maswali, siyo kwa picha

Tuma ujumbe kwa vituo viwili au vitatu ukiuliza haya:

Mwalimu mmoja anachukua wanafunzi wangapi? Katika mbizi ya majaribio ya PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya mbizi, kikomo baharini ni wanne, na mwalimu hupunguza idadi hali ikidai. Kwa anayeanza, wawili ndiyo idadi nzuri. Kama una hofu ya maji, lipia mwalimu wa peke yako. Hakuna pesa ya ziada itakayokufaa zaidi ya hiyo.

Tutashuka kina gani? Kikomo cha majaribio kwa PADI ni mita 12. Ufaransa, "ubatizo" wa mbizi (ndivyo waitavyo mbizi ya majaribio) wa shirikisho lao hauzidi mita 6. Jibu zuri ni "mita 5 au 6, tukiona uko sawa tutaongeza kidogo." Anayekuahidi mita 12 kabla hajakuona ndani ya maji, mwache.

Mazoezi yatafanyika wapi? Unataka kusikia bwawa, au sehemu ya bahari ambamo unaweza kusimama na kichwa kikawa nje.

Je, mnabeba oksijeni ya dharura? Jibu ni ndiyo, bila kusitasita.

Bei inajumuisha nini? Vifaa vyote, usafiri na bima. Tegemea kati ya euro 50 na 100.

Kuhusu mahali, Gozo ina Mġarr ix-Xini, ghuba nyembamba iliyoingia ndani ya nchi kavu, na Xlendi yenye mchanga na miamba kwenye kina kifupi. Wengi huomba Blue Hole, shimo la bahari lililoko Dwejra, Gozo, kwa sababu ya picha. Ni pazuri mno, hata baada ya lango la mwamba lililokuwa kando yake kuporomoka tarehe 8 Machi 2017. Lakini njia ya kufika majini ni mawe makali ukiwa umebeba mtungi mgongoni, na shimo lenyewe halina sehemu ya taratibu ya kuanzia: linashuka moja kwa moja. Liweke kwa safari nyingine. Vivyo hivyo meli zilizozamishwa Ċirkewwa, kwenye kisiwa cha Malta, ambazo zimelala kina kisichomfaa anayejaribu.

## Hatua ya 3: Jaza fomu ya afya kwa ukweli, mapema

Fomu inayotumiwa na vituo vingi ina maswali 10 makuu. Yanagusa mapafu na moyo, kifafa na kuzimia, upasuaji, masikio na sainasi, kisukari, mgongo, dawa unazotumia, na umri wa zaidi ya miaka 45. Majibu fulani ya "ndiyo" hukupeleka kwenye maswali ya ziada au kwa daktari akutie saini. Mjamzito hapigi mbizi kabisa. Mtoto awe na miaka 10 au zaidi katika mpango wa PADI.

Kosa linalorudiwa ni kuifungua fomu asubuhi ya mbizi, kukuta swali la pumu, kisha kuandika "hapana" ili siku isiharibike. Pumu hubana njia za hewa. Hewa iliyonaswa ndani ya pafu hutanuka unapopanda, na pafu linaweza kuchanika. Kama uliwahi kuugua pumu, hata utotoni, onana na daktari wiki chache kabla ya safari. Wapo wanaoruhusiwa na wapo wanaokatazwa, na jibu liko kwake.

Ukipata mafua siku ya mbizi, ahirisha. Usimeze dawa ya kufungua pua ili uende hivyohivyo. Ikiisha nguvu ukiwa chini, njia za masikio huziba na hewa iliyomo hukosa pa kutokea wakati wa kupanda. Maumivu yake ni makali, na hapo huwezi kukimbilia juu.

## Hatua ya 4: Tayarisha mwili na masikio

Usiku wa kabla usinywe pombe, na lala vya kutosha. Asubuhi kula chakula chepesi, muda wa saa mbili hivi kabla ya kuingia majini: mkate, ndizi, chai. Tumbo tupu huleta kichefuchefu sawa na tumbo lililojaa mafuta. Kunywa maji kidogokidogo.

Kama huwa unalewa bahari, chagua mbizi ya kuingilia ufukweni badala ya mashua. Dawa ya kulewa bahari huleta usingizi, kwa hiyo mweleze daktari na mwalimu kama umeitumia.

Usipake mafuta ya jua kwenye paji la uso na kuzunguka macho. Miwani itateleza, na yakiingia machoni chini ya maji yatakuwasha hadi mwisho.

Sasa zoezi la muhimu kuliko yote, na unalifanya ukiwa nyumbani. Bana pua kwa vidole, funga mdomo, kisha puliza taratibu kana kwamba unapenga pua. Utasikia mlio mdogo masikioni: hewa imepita kutoka kooni kwenda sikio la kati. Ndiko kuzibua masikio. Kama haisikiki, bana pua umeze mate. Wengine hufanikiwa kwa kusukuma taya mbele na kumeza. Jaribu njia zote tatu mara kadhaa kwa siku, wiki nzima kabla ya safari, ujue ipi ni yako.

Dalili ya mafanikio: masikio yote mawili yanalia, na hutumii nguvu. Sikio moja likichelewa siku zote, mwambie mwalimu kabla hamjaingia majini.

## Hatua ya 5: Vaa vifaa na uvijue

Suti. Majira ya joto milimita 5 inatosha wengi. Anayehisi baridi upesi aombe nene zaidi au kofia ya mpira. Ibane mwilini bila kukukaba koo. Ikiwa pana, maji baridi yataingia na kutoka bila kukoma, na baridi humaliza hewa kwa sababu pumzi huenda haraka. Anayejisitiri atafurahi kujua kwamba suti ndefu na kofia ya mpira hufunika mwili mzima na nywele, akabaki uso na mikono tu.

Miwani. Iweke usoni bila mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikibaki imenasa, ni ya uso wako. Kisha ondoa kila unywele ulio chini ya ukingo wake, maana unywele mmoja ni mfereji. Wenye rasta au misuko mikubwa waifunge chini kisogoni ili mkanda ukae juu ya mafundo, siyo katikati yake. Masharubu mazito huvujisha maji, na kunyoa ukanda mwembamba chini ya pua hutatua. Usikaze mkanda ili kuzuia maji, kwani ukikazwa kupita kiasi hukunja ukingo na kuongeza kuvuja. Tema mate ndani ya kioo, sugua, suuza kidogo. Mvuke hautashika.

Risasi. Mtu wa kilo 70 mwenye suti ya milimita 5 huhitaji takribani kilo 6 hadi 8, kutegemea mwili na aina ya mtungi. Mwalimu atapima: ukiwa umesimama wima ndani ya maji, koti likiwa tupu na mapafu yana pumzi ya kawaida, maji yafike usawa wa macho, na ukitoa pumzi uzame taratibu.

Koti na mtungi. Mwalimu huunga, wewe jifunze vitu vitano tu: kitufe cha kujaza koti hewa, kitufe cha kuitoa, regulata yako, regulata ya akiba (kwa kawaida yenye mpira wa njano), na geji. Mtungi uliojaa husoma karibu bar 200 (bar ni kipimo cha mgandamizo). Soma namba hiyo kwa macho yako na umtajie mwalimu. Ni tabia ndogo, lakini inakufanya uanze kuwa mpiga mbizi badala ya mzigo.

## Hatua ya 6: Ishara za mkono

- Niko sawa: ncha ya dole gumba na ya shahada zikutane zifanye duara.
- Kuna shida: kiganja kimenyooka, kikitikiswa kushoto na kulia. Kisha elekeza kidole mahali penye shida: sikio, miwani, kifua.
- Panda juu: dole gumba juu.
- Shuka: dole gumba chini.
- Simama: kiganja wazi mbele.

Angalizo kwa ishara ya tatu. Nchi kavu dole gumba juu ni "safi". Chini ya maji ni amri ya kupanda. Watu huulizwa "uko sawa?", wakajibu kwa dole gumba, na mwalimu akawapandisha kama inavyompasa. Fanyeni zoezi la kuulizana na kujibizana mkiwa bado ufukweni, mpaka mkono uzoee.

## Hatua ya 7: Mazoezi kwenye maji ya kifuani

Hapa usiharakishwe. Dakika 20 ni muda mzuri, na 30 siyo nyingi.

Kupumua. Weka regulata mdomoni, ng'ata vishikio vyake polepole, ingiza uso majini. Sekunde za mwanzo mwili utakataa, kwa sababu uso ukiguswa na maji baridi pumzi hukatika yenyewe. Usipigane nayo. Toa pumzi ndefu kwanza, kuvuta kutakuja kwenyewe. Vuta ukihesabu hadi nne, toa ukihesabu hadi sita. Mtu anayehisi "hewa haitoshi" mara nyingi hajatoa ya zamani: mapafu yamejaa hewa iliyotumika.

Kanuni isiyovunjwa: usizuie pumzi hata mara moja. Ukijaza mapafu kwenye mita 10 na kupanda bila kutoa hewa, hewa hiyo hutaka nafasi mara mbili ukifika juu. Hata tofauti ya mita moja na kitu, mapafu yakiwa yamejaa, yaweza kujeruhi. Wakati regulata haiko mdomoni, toa viputo vidogo mfululizo.

Kutoa maji kwenye regulata. Itoe mdomoni, irudishe, kisha puliza kwa nguvu kama unayesema "tuu". Kama huna pumzi, weka ulimi mbele ya tundu na bonyeza kitufe cha mbele chake. Hewa itasukuma maji nje.

Kutoa maji kwenye miwani. Ruhusu maji kidogo yaingie. Inua uso kidogo, bonyeza ukingo wa juu kwa vidole viwili, toa hewa kwa pua taratibu. Hewa hupanda, maji hutokea chini. Wanaoshindwa hufanya moja kati ya haya: wanabonyeza ukingo wa chini, au wanavuta kwa pua. Mwenye lenzi afumbe macho.

Dalili ya mafanikio: umefanya kila zoezi mara mbili mfululizo bila kusimama kwa pupa. Kama zoezi la miwani bado linakutisha, sema. Bora mbizi nzima ifanyike mita 2 kuliko kushuka na hofu hiyo.

## Hatua ya 8: Mita 3 za mwanzo

Wengi hukwama hapa, na sababu ni hesabu. Juu ya maji mgandamizo ni bar 1, kwenye mita 10 ni bar 2. Maana yake mita 10 za kwanza hupunguza hewa iliyofungiwa hadi nusu. Kutoka mita 10 hadi 20 hupungua kutoka nusu hadi theluthi tu. Kwa hiyo sikio linabanwa zaidi karibu na uso wa maji, pale ambapo mgeni hudhani bado hajaanza.

Mrija unaounganisha koo na sikio la kati ni mwembamba, na kuta zake ni laini. Ukichelewa, mgandamizo huufunga kama mlango uliosukumwa na upepo, na hapo hakuna kupuliza kutakakoufungua. Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Zibua masikio mara moja ukiwa bado juu, kichwa nje ya maji.
2. Shuka wima, miguu kwanza, ukishika kamba ya boya au mkono wa mwalimu. Kichwa kikitangulia, damu hujaa kichwani na mrija hubana zaidi.
3. Zibua kila nusu mita, kabla hujahisi chochote. Ukisubiri maumivu, umeshachelewa.
4. Sikio likigoma, simama. Onyesha "shida", elekeza sikio, panda nusu mita au mita moja. Tuliza taya, inua kidevu, zibua tena, shuka polepole.
5. Likigoma mara tatu, mbizi imekwisha kwa leo. Ukilazimisha, kiwambo kinaweza kuchanika, maji baridi yakaingia ndani na kizunguzungu kikali kikakushika ukiwa chini.

Usipulize kwa nguvu zote za kifua. Nguvu kupita kiasi yaweza kuumiza sikio la ndani, na jeraha hilo ni baya kuliko kiwambo kilichotoboka.

Miwani nayo inabanwa. Ukihisi inanyonya uso, toa hewa kidogo kwa pua. Asiyefanya hivyo huibuka na macho mekundu yenye damu chini ya ngozi.

Na kama pumzi imeanza kwenda mbio? Shika kitu kisichosogea, tazama macho ya mwalimu, toa pumzi ndefu tatu. Hofu nyingi huisha hapo. Isipoisha, onyesha dole gumba na mpande pamoja. Ni haki yako, na huhitaji kutoa sababu.

Dalili ya mafanikio: umefika mita 3, masikio hayana mbano, na unaweza kujibu "niko sawa" bila kujilazimisha.

## Hatua ya 9: Chini

Lala kifudifudi, mikono ikunje kifuani au mbele yako. Piga mapezi kutoka nyongani, polepole, magoti yakikunjwa kidogo tu. Kuendesha miguu kama baiskeli huchosha, hutibua mchanga, na hakukusogezi.

Koti atalishughulikia mwalimu. Mapafu ni yako: ukivuta pumzi ndefu utapanda kidogo baada ya sekunde mbili hivi, ukitoa utashuka. Wageni hupiga mikono kutafuta mizani, na mikono haisaidii.

Mjulishe mwalimu geji ikifika bar 100, na tena kwenye 70. Mbizi ianze kurejea ili mfike juu mkiwa na bar 50 za akiba. Hesabu yake ni hii: mtungi wa lita 12 wenye bar 200 hukupa lita 1,800 za kutumia ukiacha akiba hiyo. Anayeanza huvuta karibu lita 25 kwa dakika, na kwenye mita 6, ambako mgandamizo ni bar 1.6, zinakuwa lita 40. Hiyo ni dakika 45. Ukihema mara mbili ya hapo, ni kama dakika 22. Mbizi nyingi za majaribio huchukua dakika 20 hadi 40.

Utaona malisho ya nyasi bahari yaitwayo Posidonia, ambayo yamelindwa kisheria na ndiyo malezi ya samaki wa bahari ile. Usiyakanyage. Katika miamba tafuta pweza, mkunga na chewa. Usishike kitu chochote: yupo mnyoo mwenye vinyweleo vyeupe ubavuni, mzuri wa kutazama, lakini vinyweleo hivyo huvunjikia ndani ya ngozi na kuwasha kwa saa nyingi. Yavuyavu dogo la zambarau huchoma pia, na suti ndefu ndiyo kinga yako.

## Hatua ya 10: Kupanda

Mwalimu akionyesha juu, jibu kwa ishara hiyohiyo. Pandeni pamoja, si zaidi ya mita 9 kwa dakika, ukipumua kawaida muda wote. Usikipite kiputo chako kidogo kabisa. Wengi husimama mita 5 kwa dakika 3 kwa tahadhari zaidi, hata kama mbizi ilikuwa fupi.

Hapa usizibue masikio kwa kupuliza. Hewa hutoka yenyewe. Likibana, shuka kidogo, meza mate, panda polepole zaidi.

Ukifika juu, koti lijazwe hewa kwanza, ndipo utoe regulata mdomoni. Kuitoa mapema ndiko kunakowanywesha watu maji ya chumvi baada ya mbizi nzima kwenda vizuri.

## Hatua ya 11: Saa 24 zinazofuata

Kunywa maji, kaa kivulini. Acha mazoezi mazito, pombe nyingi na kupiga mbizi kwa kuzuia pumzi siku hiyo. Suuza masikio kwa maji safi na uyakaushe kwa ncha ya taulo, bila pamba ya kijiti.

Uchovu kidogo na kamasi yenye chembe ya damu baada ya masikio kusumbua hutokea. Sikio lililojaa kwa zaidi ya siku moja, maumivu au kutosikia vizuri ni vya kumwona daktari, na usirudi majini kabla hajakuruhusu.

Haya hayasubiri: maumivu ya viungo, ganzi au miguu kukosa nguvu, kizunguzungu, vipele vya ajabu, kukosa pumzi, maumivu ya kifua, kukohoa damu. Piga 112, namba ya dharura, sema wazi kwamba umepiga mbizi, kina gani na saa ngapi, na kiarifu kituo wakupe oksijeni. Malta ina chumba cha matibabu ya mgandamizo katika hospitali ya Mater Dei, Msida. Usijaribu kujitibu kwa kurudi chini ya maji.

Kabla ya kuondoka kituoni, andika kwenye simu: kilo za risasi ulizotumia, unene na saizi ya suti, saizi ya mapezi, kina, dakika, na bar ulizoanza na kumaliza nazo. Omba pia mwalimu akutilie saini. Ukitaka kuendelea na kozi ya Open Water, yaani ya cheti cha kwanza, inayokuruhusu kufika mita 18 na huchukua kama siku 3 au 4, muulize kama mbizi hii inaweza kuhesabiwa humo.